Mwalimu Aliyepoteza Sauti, Akabaki na Kiti

Saa kumi na moja jioni, jua bado linachungulia madirishani, na mwanamke mwembamba mwenye skafu shingoni anaburuta kiti hadi mbele ya darasa. Anakigeuza kiwatazame wanafunzi. Mguu mmoja wa kiti ni mfupi, kwa hiyo anakunja kipande cha boksi, anauwekea chini, anakitikisa, anaridhika. Kisha anakwenda kuketi pembeni, karibu na dirisha, kama mtu aliyekuja kusindikiza mgonjwa.

Huyo ndiye mwalimu. Kiti ndicho somo.

Katika kituo hiki cha elimu ya watu wazima wanamwita Mwalimu Kwa Nini. Ukimwambia mhusika ni mchoyo, atakuuliza kwa nini. Ukimpa sababu, atakuuliza imeandikwa wapi. Amefundisha fasihi hapa miaka kumi na tisa, na mingi kati ya hiyo alikuwa na sauti ya kufika barabarani.

"Mama akituita kula, majirani nao walikuwa wananawa mikono," anasema binti yake, akicheka.

Mwaka jana sauti ilianza kukwaruza. Akaificha kwa maji ya tangawizi na vikohozi vya uongo, lakini mficha maradhi, kifo humfichua. Siku moja, katikati ya kusoma tamthilia, alifungua mdomo ikatoka pumzi tu. Daktari alikuta vinundu kooni, akamwagiza azungumze kidogo na asipaze sauti kamwe.

"Nikamuuliza, kidogo ni kiasi gani?" anasimulia, maneno yakitoka kama karatasi inayokunjwa. "Akaniambia, kama unavyozungumza msibani."

Kwa mwalimu wa jioni, anayelipwa posho ya kipindi isiyotosha hata kununua riwaya mbili, hiyo ni sawa na kumwambia dobi asiloweshe mikono. Wanafunzi walianza kupungua, kutoka thelathini na kitu hadi kumi na wanne. Mkuu wa kituo, mtu mpole asiyependa kuumiza, alimwita ofisini akamweleza kwamba muhula ujao atakaa mapokezi.

"Nikamwomba aje kwanza aone ninavyofundisha kwa kiti," anasema Mwalimu. "Akiona hakuna somo, nitakwenda mapokezi kwa miguu yangu mwenyewe."

Leo mkuu amekuja. Ameketi nyuma kabisa, mikono kifuani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mwanafunzi mmoja anaketi kwenye kiti na kuwa mhusika. Wenzake wanamhoji. Anaweza kujibu atakavyo, ila kila jibu lazima alionyeshe kitabuni. Zamu ya leo ni ya mama mmoja dobi, anayejiandaa kwa mtihani baada ya kuanguka mara mbili. Yeye ni mama wa riwaya ya zamani, yule aliyemfungia mwanawe mlango usiku wa mvua. Miongozo yote ya mtihani imemmaliza kwa neno moja: katili.

Wa kwanza kuchokoza ni kijana wa pikipiki wanayemwita Kona.

"Mama, mwanao anagonga, mvua inapiga, wewe umejifunika gubigubi. Hicho kifuani ni moyo au jiwe?"

"Moyo ninao, baba," anajibu Dobi. "Ila nimechoka. Nimefua tangu asubuhi, mgongo huu si wangu tena."

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu anagonga kioo cha dirisha kwa pete yake, mara moja tu.

"Mgongo huo ni wako, mama. Wa kwake umeandikwa wapi?"

Kosa hilo hulifanya karibu kila anayekalia kiti: anaingia na maisha yake yote mfukoni. Mwalimu hamkemei mtu. "Maisha yako ndiyo yanayokufungulia kitabu," huwaambia. "Lakini ukishaingia, vua viatu."

Dobi analowesha kidole, anafunua. Anarudi nyuma, anakwenda mbele. Mkuu wa kituo anatazama saa.

"Mwalimu, husaidii?" anauliza.

Mwalimu anainua kiganja: subiri. Ila mkono wa pili umeishika skafu kama mtu anayeshika kamba.

"Nimeuona!" Dobi anasimama, anakumbuka yeye ni mhusika, anaketi tena. "Sikilizeni. Asubuhi yake, yule binti yangu mdogo 'akaukunja mkeka uliotandikwa nyuma ya mlango.' Mkeka wa nani? Watoto wamelala chumbani kwao, baba yao chumbani kwake. Ni wangu huo! Nililala mlangoni."

"Ukimsikia akigonga?" Kona ameshusha sauti.

"Mpaka alipochoka."

"Sasa kwa nini hukumfungulia?"

Vichwa vinageuka. Aliyeuliza ni mkuu wa kituo, na yuko wima.

"Sura ya pili, Bwana Mkuu. Baba yake aliapa kwamba atakayemfungulia atatoka naye. Mimi ningetoka. Wale wadogo wangebaki na nani?"

"Basi katili ni huyo anayekoroma chumbani!" anadakia Kona.

"Wewe naye! Imeandikwa wapi kwamba alikoroma?" anamrukia mwenzake, na darasa linawaka. Wengine wanamtetea mama, wengine wanasema mapenzi ya nyuma ya mlango hayamkingi mtu mvua. Mkuu wa kituo anaburuta kiti chake hadi mstari wa mbele. Mwalimu hajafungua mdomo tena.

Baada ya kipindi, mkuu anamfuata dirishani. "Mapokezi nitatafuta mtu mwingine," anasema. Kisha, kwa haya kidogo: "Lakini mimi bado nasema angefungua."

"Njoo kesho uthibitishe," Mwalimu anamjibu.

Daktari hajamwahidi kwamba sauti itarudi, naye ameacha kuisubiri. Anachotaka sasa ni kufungua darasa la wanaoanza, na amekwisha kumteua wa kuliongoza baada ya mtihani. Anamwambia Dobi wakati wanarudisha viti.

"Mimi?" Dobi anacheka. "Mwalimu, mimi nafua nguo za watu."

"Yule mama wa kitabuni alikuwa na kazi gani?"

"Haikuandikwa."

"Basi kazi si hoja."

Dobi anashika kiti kile cha mguu mfupi, kipande cha boksi kikidondoka. Anakiokota, anakikunja vizuri, anakirudisha mahali pake.

"Lakini kwa nini mimi, Mwalimu? Nipe sababu."

Mwalimu anatabasamu hadi skafu inapanda.

"Umesikia ulivyouliza?" anasema. "Umeshaanza kazi."