Hodi Iliyojibiwa na Mashine

Mtaani kwetu wanamwita Mama Mapokezi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata kwenye kliniki ya meno, alikokaa nyuma ya meza ya mbele mpaka akastaafu. Kila mwenye jino bovu ilimlazimu kupita kwake kwanza. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata foleni ilipofika barazani na watu wakaanza kusonya: hakumwomba mtu kadi kabla hajamsalimu na kusubiri aitikie. Siku moja daktari alimwambia kwamba salamu zake zinachelewesha kazi. Alimjibu kwa upole kwamba jino lililouma wiki nzima haliwezi kushindwa kungoja habari za asubuhi.

Ninasimulia habari za mama huyu kwa sababu siku hizi watu wengi wanaamini kuwa adabu ni kitu cha ana kwa ana tu, na kwamba mtu akishika simu ameruhusiwa kuacha uungwana wake mlangoni kama viatu. Yeye hakukubali, na kutokubali kwake kumewafaa watu wengi kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia.

Alipostaafu alikumbuka cherehani yake. Ilikuwa imekaa pembeni ya sebule miaka mingi, imefunikwa kitambaa, na juu yake pamewekwa kopo la maua, hata wageni walidhani ni meza. Akaipangusa, akaitia mafuta, akaanza kushona mapazia. Cherehani ikawa inaruka mshono. Basi akaingia kwenye jukwaa moja kubwa la mtandaoni, akauliza kwa heshima tatizo ni nini. Wa kwanza alimcheka. Wa pili alimshauri cherehani na mwenye nayo wapelekwe makumbusho pamoja. Wa tatu alitaka kumuuzia mpya. Aliponisimulia alikuwa anacheka, lakini binti yake aliniambia kwamba siku ile mama aliifunika simu mezani, akatoka kwenda kufagia uwanja aliokwisha kuufagia.

Binti huyo ameolewa na kijana anayetengeneza tovuti, mtu mpole na mchapakazi. Kati ya kijana na mama mkwe wake kulikuwa na heshima nzito kama blanketi la baridi. Hawakupingana hata kwa nusu neno. Hata kuzungumza walizungumza kupitia kwa binti, wote watatu wakiwa kwenye meza moja. Mama angesema, "Mwambie mwenzako chai inapoa," na mwenzako mwenyewe yupo hapo, kiwiko kinakaribia kugusa birika. Naye angejibu, "Mwambie mama nashukuru." Binti akawa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja, na kama wakalimani wengi, aliongeza chumvi.

Hivyo ndivyo jukwaa lake mwenyewe lilivyozaliwa. Mama alisema, bila kumtazama mtu, kwamba laiti pangekuwa na mahali washonaji wangeulizana mambo bila kutukanana. Mwisho wa wiki uliofuata mkwe alikuja na kompyuta yake na mahali penyewe. Mama akapaita Pindo, kwa sababu, alisema, nguo isiyo na pindo hufumuka hata kama kitambaa ni cha thamani.

Sheria aliiandika moja. Mgeni apige hodi. Aliyemo aitikie karibu, wasalimiane, wajuliane hali, ndipo swali liulizwe. Na chini yake aliweka ahadi yake mwenyewe: hapa hakuna hodi itakayokosa mtu wa kuiitikia.

Watu walicheka sheria hiyo, kisha wakaizoea, kisha wakaipenda. Fundi mmoja wa suruali aliingia kwa kishindo, hakubisha wala hakusalimu, akaandika kwamba bobini yake, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani, inakwama na anataka jibu haraka. Mama alimwandikia: "Mwanangu, umeingia na viatu. Toka, uingie tena." Kila mtu alidhani kapotea moja kwa moja. Kumbe alitoka, akapiga hodi, akasalimia kutoka mkubwa hadi mdogo, na leo ndiye mjuzi anayetegemewa kuliko wote. Wanamwita Bwana Bobini. Pakawa pia na tatizo la shikamoo, maana mtandaoni mtu haonyeshi mvi zake. Bibi mmoja alimpa shikamoo kijana wa chuo, akaitikiwa marahaba. Kesho yake kijana alirudi kwa aibu, akaandika, "Bibi, ile ya jana haikuwa yangu. Naomba nikurudishie."

Waliokuja kwa mchezo walirudi kwa faida. Mshonaji aliyekuwa anapoteza wateja kwa kola zilizosimama vibaya alionyeshwa kosa lake kwa picha tatu. Mama mjane aliyeogopa kukata kitambaa cha bitana alishikwa mkono, kwa namna ya kusema, mpaka koti likaisha. Na ile cherehani ya Mama Mapokezi? Bwana Bobini alimwambia sindano ameiweka nyuma mbele. Aliigeuza, na mshono haukuruka tena.

Lakini mlango unaopendwa haupumziki. Hodi zikawa nyingi, na wenyeji, kwa kumjua mama, wakamwachia kazi ya kuitikia. Simu yake ikahamia jikoni, ikaegemezwa kwenye kopo la sukari. Akawa anasonga ugali kwa mkono mmoja na kukaribisha kwa mwingine. Chakula kikaungua mara kwa mara, na kilichonusurika kililiwa kimepoa. Siku moja akamwambia binti, kwa mazungumzo tu, kwamba vidole vimechoka kidogo.

Binti alimfikishia mumewe ujumbe huo ukiwa umekua njiani: mama amelemewa, anaomba asaidiwe. Mkwe hakuona haja ya kutengeneza kitu chochote. Yeye aliona dawa ni wenyeji wengine kushika zamu. Ila mama mkwe ameomba, na mkwe hakatai. Akatengeneza mashine ya kuitikia hodi, programu ya kompyuta inayojiandikia majibu yenyewe, akaileta. Mama hakuitaka hata kidogo; aliitazama kama mtu anayeonyeshwa meno ya bandia yasiyo yake. Ila mkwe amehangaika, na mtu hamvunji mkwe moyo. Akasema, "Mwambie mwenzako kazi ni nzuri." Hivyo watu wawili walipeana kwa heshima kitu ambacho hakuna kati yao aliyekitaka.

Mashine ilifanya kazi vizuri siku za mwanzo. Ilisema karibu, ikauliza habari za nyumbani, ikajibiwa, ikafurahi, ikamruhusu mgeni kuuliza. Na kwa kuwa sisi hata nyumba ikiungua hujibu kwanza kwamba ni salama, ndipo tutaje moto, mkwe hakufikiria kuifundisha mashine kwamba lipo jibu lingine.

Ndipo akaja mzee mmoja. Aliandika polepole, yaelekea kwa kidole kimoja:

"Hodi. Mke wangu amefariki. Ameacha gauni la mjukuu halijapindwa. Mimi sijui hata kutia uzi."

Mashine ikajibu papo hapo: "Karibu sana! Nyumbani hawajambo?"

"Nimebaki peke yangu," aliandika mzee.

"Tumefurahi mno kusikia hivyo! Sasa uliza swali lako."

Kisha mzee akaandika: "Samahanini. Nimekosea mlango." Akaondoka.

Bwana Bobini ndiye aliyeyaona maneno hayo kwanza, akampigia mama simu. Mama alikuwa anakata pazia. Aliyasoma, akaketi juu ya kitambaa chenyewe na pini zake. Binti na mumewe walikuwapo, na binti aliniambia hajawahi kumwona mama yake na uso kama ule, hata msibani. Ahadi aliyoiandika kwa mkono wake ilikuwa palepale juu ya ukurasa, na chini yake mzee wa watu ameomba radhi kwa kufiwa. Alisema kwamba mzee huyo asiporudi atalifunga jukwaa, kwa sababu nyumba inayomcheka mfiwa heri ibomolewe. Hakuwa anatishia. Wanaomjua wanajua kwamba hatishii.

Binti akaanza kutafuta maneno ya kumpelekea mumewe, lakini mama alimzuia kwa mkono. Akageuka, akamtazama mkwe wake usoni.

"Baba, kizime kitu hiki."

"Ndiyo, mama."

"Sikukitaka tangu mwanzo."

Mkwe alikuwa ameshaifungua kompyuta. Alikizima kwanza, ndipo akajibu. "Hata mimi, mama. Niliambiwa umekiomba."

Wote wawili wakamgeukia mkalimani, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi za kuokota pini.

Hapa nitasema jambo ninaloliamini. Heshima si utumwa, lakini pia si kificho. Anayemnyima mwenzake ukweli ili asimuudhi hajamheshimu. Amejiepushia tabu tu, na tabu hiyo mtu mwingine ataibeba. Safari hii ilibebwa na mzee asiyewajua kabisa.

Namba ya mzee ilikuwapo, kwani kila aliyejiunga aliacha yake. Mama alikwenda kukaa kwenye kiti cha cherehani, akapiga. Simu ilipopokelewa hakujitambulisha. Alisema, "Hodi."

Mama aliyekaribisha watu maisha yake yote akawa yeye ndiye anayengoja nje. Akarudia.

"Nani?" aliuliza mzee.

"Mwenye nyumba uliyosema umeikosea mlango. Hukuikosea, mzee wangu. Sisi ndio hatukuwapo."

"Wewe ni mtu kweli, au ni kile tena?"

"Ni mtu, tena mwenye kifua. Utanisikia nikikohoa."

Akakohoa kweli, kwa sababu ya vumbi la kitambaa, na mzee akatoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko.

"Basi karibu," alisema.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Pole sana na msiba."

Walizungumza mchana mzima. Alimuuliza mkewe alikuwa mtu wa namna gani, na mzee alimweleza kwa kirefu, kwa maana tangu mazishi watu walikuwa wanamuuliza kama amekula tu. Gauni halikutajwa mpaka mwisho.

Mzee alirudi kesho yake. Alipiga hodi upya ingawa hakulazimika, na karibu zilizomjia zilijaza ukurasa, nyingine kutoka kwa watu waliokuwa hawajawahi kuandika neno. Wenyeji walimfundisha kutia uzi kwenye tundu la sindano, jambo lililomchukua muda kuliko walivyotarajia, kwa sababu kumbe alikuwa amevaa miwani ya kuonea mbali. Mama Mapokezi alimfundisha kukunja, Bwana Bobini akamfundisha kupiga pasi kabla ya kushona. Alipotuma picha ya gauni limevaliwa, mjukuu alikuwa anacheka na pindo limekwenda upande. Bwana Bobini aliandika kwamba pindo hilo lina kona nyingi kuliko barabara ya mlimani, ila mtoto amefika salama. Mzee akajibu kwamba marehemu bibi wa mtoto angelifumua lote, na kwamba yeye hatalifumua.

Zamu za mlangoni zikaanza, kama mkwe alivyotaka tangu zamani, na sasa wazo hilo alilisema mwenyewe kwa mdomo wake, akiwa amekaa meza moja na mama mkwe. Bado anamwita mama na bado hainui sauti. Ila juzi nilipita pale nikawakuta wanabishana kuhusu rangi ya ukurasa, na binti yuko pembeni anakunywa chai yake kwa raha, hana kazi.

Niliitwa nikae nile. Tulipoanza kula, simu kwenye kopo la sukari ilitoa mlio: mgeni yuko mlangoni. Mama Mapokezi akafuta mkono ili aishike, lakini kabla hajaifikia kulikuwa na jibu, limeandikwa polepole na mtu wa kidole kimoja.

"Karibu, mwanangu. Kiti kipo. Habari za utokako? Useme kweli."

Mama aliiacha simu mahali pake, akavuta sahani yake karibu. Chakula kilikuwa bado kinatoa mvuke, na alikila chote.