Mkuyu wa Babu Kule Mahameni

Nilikuwa sijang'oka hata jino moja tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara, upande wa Susuni. Tulibeba vyungu, kuku, hata milango. Kaburi halibebeki. Babu tulimwacha mahameni, penye lango la zizi, na mkuyu wake kichwani.

Tangu tuhame, mama alikuwa amezika watoto wachanga wawili. Aliposhika mimba tena, bibi, mama yake baba, hakuzungusha maneno: "Mkuyu wa mzee ukifa, na huyo hakai. Twendeni tukauone."

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Loo! Kaburi halikuonekana. Lilikuwa limemezwa na kile kichaka cha miba chenye vimaua vya njano na waridi, ambacho sisi watoto tulipenda matunda yake meusi. Bibi akakaa chini.

"Nilikipanda mimi," akasema.

Alikuwa amelizungushia kaburi kichaka hicho kama wigo, ng'ombe wasimkanyage mumewe. Tulipokuwepo alikipunguza kila mara, tulipoondoka kikajitawala. Mkuyu wote ulikuwa umekauka, isipokuwa tawi moja.

Baba, mzee wa kanisa, akanung'unika: "Mama, marehemu hana shida na vichaka." Lakini jembe alilishika yeye. Kile kichaka ukikikata tu unakiongezea nguvu, kwa hiyo tulichimba mizizi tukaianika juu ya mawe. Kisha baba akalikata lile tawi bichi na kulichomeka kichwani mwa kaburi.

"Likichipua, utalea," bibi akamwambia mama.

Basi mama hakulala tena. Nilimsikia akijigeuzageuza kitandani mpaka jogoo wanawika.

Asubuhi moja baba alinichukua mimi tu twende tukamwagilie. Tawi lilikuwa kavu kama ukuni. Alilichomoa, akateremka mtoni, akarudi na tawi la mkuyu mwingine, unene uleule, akalitia katika shimo lilelile.

"Baba, hilo si la babu."

"Boke, mama yako anatakiwa alale. Umesikia?"

"Ndiyo, baba."

Nalo likakauka. Akaleta jingine, na jingine. Mvua kubwa zilipoanza, moja likatoa majani. Bibi alipiga vigelegele mpaka akapaliwa. Usiku ule mama alikoroma, nami nikacheka peke yangu gizani kwa furaha. Mtoto alizaliwa wa kiume, akapewa jina la babu, Chacha, na akakaa.

Bibi alikufa akijua mzee alimsikia. Mimi sijui nani alisikia nini. Kila kiangazi naenda na Chacha kung'oa ile miba, maana ndege hawaachi kuleta mbegu. Tukichoka tunakaa kivulini, naye huusifu mkuyu kwamba ni wa damu yetu. Namwacha aseme. Mti ule hautokani na wa babu hata kidogo. Ni wa baba, ambaye hakuyaamini mambo hayo, na bado alishuka mtoni tena na tena ili mkewe apate usingizi.