Nchi Aliyoichagua Eneli

Majira yale ya kuchipua, barafu ilipoanza kuachia kwenye ghuba ya mji wetu wa Haapsalu, Eneli Rohtmaa alikuwa na miaka ishirini na tano na hakuwepo. Nasema hakuwepo ingawa kila asubuhi alifika kazini kabla yangu. Mikono yake ilikoroga tope kwenye ndoo, lakini macho yalikuwa yameshavuka bahari.

Tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya tiba ya tope. Unalipasha moto tope la bahari, unampaka mtu magotini na mgongoni, unamfunga shuka kama mtoto mchanga, unapunguza taa na kumwacha asinzie. Chumba hujaa mvuke na harufu ya chumvi, na ukikaa humo muda mrefu hata wewe mzima unaanza kuelea.

"Dada Reet," aliniuliza siku moja tukinawa mikono, "ungekuwa na umri wangu, ungeenda wapi?"

"Kulala."

"Nakuuliza kweli!"

"Na mimi nakujibu kweli."

Jambo lenyewe lilikuwa ile viza ya vijana iitwayo likizo ya kazi: unapewa mwaka mzima katika nchi ya mbali, unafanya kazi kidogo hapa, kidogo pale, na katikati unazurura. Karibu kila nyumba mjini kwetu ilikuwa na mtoto aliyeondoka hivyo, na wengi walikwenda Australia. Walirudi na pua zilizobabuka kwa jua, wakalalamikia baridi waliyozaliwa nayo. Eneli na rafiki yake Kaisa walikubaliana tangu sekondari kwamba nao wangekwenda huko huko. Kaisa alikuwa na binamu kwenye shamba la ndizi. Kitanda kipo, kazi ipo. Kilichobaki ni Eneli kusema twende.

Neno hilo likawa halimtoki. Wiki moja aliishi Kanada: alikunywa chai akitazama picha za misitu na kuniambia anausikia utomvu wa miti. Wiki iliyofuata ilikuwa Japani, akawa anaiinamia mashine ya kahawa na kuishukuru. Kila nchi ilimjia, ikakaa siku chache, ikaondoka kama mgeni ambaye hakuvua koti.

Ndipo alipoanza kuwauliza wagonjwa. Mtu aliyefunikwa tope la moto hujibu polepole, kama sauti inatoka chini ya kisima. Mwalimu mmoja mstaafu alisema Ugiriki, akale tini mtini. Mama mwingine alisema, "Kwa mama yangu, na mama awepo," akalala pale pale.

Mzee Arvo Lember alikuwa mtu wa kununa. Alikuja kwa ajili ya magoti, akatulaumu kwamba tope letu ni la baridi, kisha kwamba ni la moto. Enzi za Wasovieti alikuwa mpishi kwenye meli ya uvuvi.

"Niende wapi?" alimjibu Eneli. "Binti, mimi nimezunguka dunia nzima nikimenya viazi."

"Na mahali palipokukaa moyoni?"

Mzee akasimulia, macho yamefumbwa. Meli yao iliharibika, wakatia nanga kwenye bandari moja ya Nyuzilandi kwa wiki kadhaa. Wenzake waliruhusiwa kushuka kwa makundi. Yeye hakuruhusiwa, kwa sababu mjomba wake alikuwa amekimbilia Uswidi wakati wa vita, na wakubwa waliogopa naye atatoroka.

"Basi nikawa nakaa sitahani na darubini ya nahodha. Kulikuwa na kilima, nyumba zimeshikilia mteremko kama mbuzi. Juu kabisa, mama mmoja anaanika mashuka. Upepo wa kule, mwanangu! Mashuka yanajaa, yeye anayashika, yanamvuta, anacheka. Kila akifua namwona. Nikajua watoto wake, nikajua mbwa wao. Siku tunaondoka nilimpungia mkono. Mjinga mimi, ataniona wapi?"

"Ukalia?" Eneli aliuliza taratibu.

"Nilipika supu. Hebu nigeuze, goti la kushoto limepoa."

Jioni ile Eneli alitembea ufukweni hadi viatu vikalowa. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa anakiwaza kilima, alikuwa yuko juu yake. Upepo ulimsukuma mgongoni, nyasi zilikuwa fupi na kali, na huko chini meli moja ya kijivu imetulia.

Kaisa alipoambiwa, alikiweka kikombe mezani kwa kishindo. Nilikuwepo mkahawani.

"Subiri nielewe, shoga. Unachagua nchi kwa sababu ya nguo za watu kwenye kamba?"

"Si nguo."

"Nguo za miaka arobaini iliyopita! Huyo mama atakuwa ameshakufa!"

"Najua."

"Na binamu yangu nimwambie nini? Kwamba kuna babu alipakwa tope akaota?"

"Mwambie sijaamua."

"Hujawahi kuamua kitu chochote wewe," Kaisa alisema, na sauti yake ikavunjika kidogo. Aliondoka bila kumaliza keki, na Kaisa haachi keki.

Ijumaa ile baba yake Eneli, Urmas, alirudi na feri kutoka Ufini, alikokuwa fundi wa kupiga lipu tangu Eneli anaanza shule. Baada ya kuoga mvuke wa sauna walikaa nje kwenye benchi, mvuke ukiwatoka mabegani, na mkate mweusi na samaki wa moshi katikati yao. Eneli alimweleza yote.

"Likizo ya kazi," Urmas alisema, akicheka. "Mimi niko kwenye hiyo likizo karibu miaka ishirini."

"Baba, usinitanie."

"Sikutanii." Akachambua mwiba. "Unajua nani alinichagulia Ufini? Gari. Gari la jirani lilikuwa na nafasi moja, nikapanda. Nimepiga lipu mtaa mzima kule Espoo, lakini sijawahi kuingia nyumba yenye watu ndani. Kuna ndege huimba nyuma ya kambi yetu kila asubuhi, sijawahi hata kumtafuta."

Ghubani bata-maji walikuwa wanaitana.

"Kazi utaipata popote, mwanangu, kazi haina haya," alisema mwishowe. "Mimi nakuuliza hivi: jioni ukishavua glavu, unataka kutazama nini?"

Eneli alijibu kabla hajawaza. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema Nyuzilandi, kavu na kubwa, kama mtu anayeagiza kitu dukani.

Nafasi za Nyuzilandi ni chache na hugombaniwa; alipata. Aliondoka vuli, majani yakianguka. Kaisa alikuwa ameshakwenda Australia bila kuaga. Bandari ile ya mzee Lember aliipita kwa basi, mvua ikimwagika. Nyumba zilikuwa nyingi kuliko alivyowaza na hakutafuta hata moja. Nilipompa mzee habari, aliuliza kitu kimoja tu: upepo ulikuwepo? Nikamwambia ulikuwepo. Akaridhika, akalaumu tope.

Eneli aliendelea kusini hadi kwenye mashamba ya cheri, yale matunda madogo mekundu, katikati ya milima ya rangi ya simba. Huko alifundishwa kuchuma bila kung'oa kikonyo, akajifunza kulala mchana kando ya ziwa. Januari, kwetu theluji, kwao kiangazi, alinipigia simu ya video. Alikuwa amelowa chapachapa, na nyuma yake kulikuwa na mngurumo mkubwa.

"Dada Reet, tazama!"

Aligeuza simu. Helikopta ilikuwa inaelea juu kidogo tu ya miti, ikienda polepole mstari kwa mstari. Alinieleza kwa kupayuka kwamba maji ya mvua yakikaa juu ya cheri, cheri hupasuka, kwa hiyo wenye shamba hukodi helikopta ije kuzipangusa kwa upepo. Chini yake miti ilikuwa inainama na kugeuza majani, upande wa kijani, upande wa fedha, na maji yakaruka kama vumbi lenye mwanga ndani yake.

"Sogea huko, unanizibia!" sauti nyingine ilipaza. Ilikuwa ya Kaisa, kofia imemfunika macho, mdomo umejaa cheri. Zile ndizi zilikuwa zimemshinda. Alikuwa amefika wiki iliyotangulia.

"Nyapara anasema tusubiri," Eneli alisema. Hakuna aliyenitazama tena. Waliketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, bega kwa bega, wakaiangalia helikopta ikifika mwisho wa shamba na kugeuka.