Ndoo ya Maji ya Poni

Miguu ya binti yangu ndiyo iliyotuletea maneno. Alipokuwa na miaka sita iliishia katikati ya tumbo la poni. Alipofika miaka kumi na mitatu ilikuwa inaning'inia huko chini, na wakipita kwenye majani marefu viatu vyake vinarudi vimelowa umande. Watu wakiona wanacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua mgongo ule una miaka ishirini na miwili na umechoka.

Poni, kwa asiyewahi kumwona, ni farasi wa kimo kifupi ambaye ndiyo basi, hatakua zaidi. Huyu wetu ananifika kifuani. Hatukumnunua. Nani wa kumnunua, mimi? Mimi ni mama wa Herndon, huku Marekani, nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, kazi yangu kulea wazee, kazi ambayo Watanzania wa huku tunaiita kubeba maboksi hata kama boksi lenyewe ni bibi wa Kizungu wa kilo hamsini. Bibi mmoja wa namna hiyo nilimlea miaka minne kwenye shamba lake, magharibi ya uwanja wa ndege. Yeye ndiye aliyeniambia nije na mtoto siku shule zikifungwa. Akamwona mwanangu anavyomtazama poni, akaniagiza nimtafutie kofia ya kupandia. Alipofariki tulikuta ameandika kwenye karatasi zake kwamba poni ni wa mtoto. Wanawe wakaheshimu, wakatuachia na banda, nasi tukalipa kwa jasho: kila Jumamosi na Jumapili mimi na binti yangu tunazoa mavi ya farasi. Nimesomea ualimu Singida nije nizoe mavi Virginia, na nilikuwa nayazoa kwa furaha, sisemi uongo.

Mwaka huu wale wanawe wakauza shamba. Huku siku hizi mashamba yanageuzwa majengo makubwa yasiyo na madirisha, ya kuwekea kompyuta. Tukapewa wiki nane tuondoe kilicho chetu, na kilicho chetu ni poni.

Nilimwambia mwanangu ukweli wote siku hiyo hiyo. Kwamba hatuna pa kumhamishia, kwamba yeye mwenyewe amekua na lazima apatikane mtoto mwingine wa kumpanda, na kwamba poni mzee asiye na mwenyewe huishia mnadani, na kutoka mnadani hupakiwa kwenye lori akavushwa mpaka wa nchi kwenda kuchinjwa. Hilo la lori nililisema la nini? Mdomo wangu hauna mlango. Mtoto hakulia. Alinijibu kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote ninaposema naye Kiswahili, kwamba poni wake akipanda lori lile, hataniita mama tena. Alisema taratibu, anakunja soksi zake. Nikajua hajakasirika, anaahidi.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nikaandika tangazo, nikalituma kwenye kundi letu la Watanzania na kila kundi lililokuwa kwenye simu yangu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na poni wetu alitembezwa mpaka kwa wasiojua farasi analala wapi. Mmoja akauliza kama anaenda kwenye theluji, ampande kwenda kazini apunguze mafuta. Mwingine akaomba aletwe kwenye harusi bwana harusi aingie naye ukumbini. Nikacheka nao wiki nzima, kisha nikaona wiki imekwisha na hakuna hata mmoja aliyesema nipe.

Jibu la maana lilitoka kwa mama mmoja wa Kizungu mwenye shamba mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Ana mtoto wa miaka saba, ana uwanja, ana banda jeupe. Picha alizotuma zilikuwa zinang'aa, hata nyasi utadhani zimechanwa na kitana. Tulikwenda Jumapili aliyotuita, tukanywa juisi, mtoto wake akambusu binti yangu shavuni. Wakati wa kurudi mwanangu aliimba njia nzima. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

Kwangu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na hapa lazima nimtaje baba yangu. Baba hakuweka ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Aliwapa watu wamtunzie: maziwa yao, samadi yao, ng'ombe wake. Mtu akija kuomba ng'ombe wa kutunza, baba alimkaribisha vizuri, akamsikiliza, akamsindikiza. Asimpe jibu. Siku nyingine, kabla jua halijapanda, anaondoka na fimbo yake bila kumwambia mtu, anakwenda nyumbani kwa yule muombaji kutazama vitu viwili, maji ya kunyweshea na mbwa. Alituambia mtu akikuita kwake anafagia kwanza, na ukitaka kumjua nenda siku hajafagia. Kwetu hakuna aliyeona vibaya. Mwenye nyumba akimkuta baba amesimama kwenye zizi lake alfajiri, anajua kilichomleta, anamletea kigoda.

Kwa hiyo siku moja nimetoka zamu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikapita kwa yule mama. Nikaegesha gari nje ya geti, nikatembea kwa miguu hadi nyuma ya banda jeupe, na sare yangu ya kazi, nikachungulia. Mbwa alikuwa kwenye mnyororo mfupi, mbavu unazihesabu. Birika la kunyweshea lilikuwa na ukoko wa kijani juu. Ndani alikuwepo farasi mwingine, ambaye Jumapili hatukuonyeshwa, kwato zimerefuka mpaka zimejikunja mbele. Nilikuwa nimeinama natazama zile kwato niliposikia sauti ya mwenye nyumba ikiniambia nisisogee, na yuko kwenye simu na askari.

Askari wakaja wawili. Mimi mwanamke mweusi nyuma ya banda la mtu alfajiri, naeleza habari za ng'ombe wa baba yangu. Niliweka mikono mahali inapoonekana na nikasema kweli tupu, na Mungu ni mwema, waliishia kunisindikiza hadi kwenye gari na kuniambia nisirudi. Nikaendesha hadi nyumbani. Kabla sijavua viatu, yule mama alikuwa ameshamwandikia binti yangu kwamba hamtaki tena poni wetu, wala sisi.

Nilimweleza mwanangu maji ya kijani, mbwa, kwato. Hakutaka kusikia. Yeye aliziona picha, na mimi nimemharibia. Alisema watu wa huku hawaendi kwa watu bila kualikwa, mama gani asiyejua hilo baada ya miaka kumi na mitano. Wiki mbili sikulisikia neno mama ndani ya nyumba ile. Ilikuwa ni "samahani, chumvi", "samahani, naomba nipite", kama tumepanga pamoja. Iliniuma, na sitajifanya haikuniuma. Lakini sikujuta, na nilimwambia hivyo mlangoni pake: nitafukuzwa na kila askari wa Virginia, poni haendi kwenye maji ya kijani.

Zikabaki wiki tatu. Alipiga simu mtu mwenye trela, akaahidi kumpeleka pazuri bila hata kuuliza umri wake. Nikakata.

Jumamosi iliyofuata mimi na mwanangu tulifika bandani mapema kumlisha, tukamkuta mwanamume amechuchumaa mbele ya mlango wa poni. Mtu mzima, koti la mvua, mkono wake umo ndani ya ndoo yetu ya maji. Nilipandisha hasira. Nikamuuliza kwa Kiingereza yeye ni nani na nani kamruhusu kuingia, na simu nilikuwa nimeshaitoa, kidole kiko juu ya namba. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

"Mama, usikasirike," akasema kwa Kiswahili cha Kongo. "Nimekuya kuangalia maji."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Kama napiga simu, munafagia."

Niliirudisha simu mfukoni. Mwanangu alinitazama, kisha akamtazama yule mtu, kisha akanitazama tena.

Alikuwa mtu wa milima ya Kivu, amekulia nyuma ya ng'ombe wa babu yake. Tangazo langu, lenye anwani ya banda, lilimfikia kupitia kundi la kanisa lao la Takoma Park. Anafanya kazi Maryland, jimbo la jirani, kwenye mazizi ambako watoto wasioweza kutembea hupandishwa farasi, na wenye kazi wamemwachia yeye achague wanyama. Walikuwa wanamtafuta poni mfupi, mzee, asiyeshtuka. Nikaanza kumsifia wetu. Akaninyamazisha kwa mkono, mpole tu, akaingia bandani. Akainua kwato moja moja, akamnusa mdomo, akaridhika na maji, halafu akashika shingo na kuiminya.

"Huyu munamupenda kupita kipimo," akasema. "Shingo imekuwa ngumu. Mafuta haya yataingia mu miguu, hatasimama tena."

Nilitaka kumjibu, lakini nilimwona mwanangu ameshika mfuko wa koti lake. Ndani yalikuwemo matufaha. Kila siku tuliyokwenda alimpa mawili, na tangu shamba liuzwe, kwa huzuni, alikuwa anampa matano. Nilijua. Nilimwacha kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa mtoto.

Yule baba hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atawaza, akatuachia jina la mahali pa kazi yake, akaenda zake kukamata basi. Nilibaki nimekasirika. Miaka saba nazoa mavi, leo nakuja kuambiwa sijui kutunza! Nikachukua koleo nikaanza kazi kwa nguvu. Binti yangu hakuchukua la kwake. Alisimama mlangoni pa poni muda mrefu.

"Mama," akasema. "Kesho asubuhi twende kwake. Usimpigie simu."

Alisema kwa Kiingereza, ila maneno yalikuwa ya baba yangu, ambaye hakuwahi kumwona.

Kesho yake tukavuka mto Potomac bado giza halijaisha vizuri. Tulifika kumekucha. Nilimkumbusha aweke mikono mahali inapoonekana. Geti lilikuwa wazi. Mbwa alikuja kutunusa, mnene, mvivu, akarudi kulala. Na mbele ya banda yule baba alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, ndoo nyingine mbili zimepinduliwa mbele yake, na juu ya ubao chupa ya chai na vikombe vitatu.

Binti yangu hakukaa. Alimpita yeye na chai yake, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya farasi wa kwanza, akakunja mkono wa koti, akauzamisha hadi kwenye kiwiko. Akasugua sakafu ya ndoo kwa vidole, akavitoa, akavitazama kwenye mwanga, akavinusa. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Zilikuwa ndoo tisa na alizikagua zote, na yule baba akamngoja. Kisha mwanangu akaja akasimama mbele yake, mkono unachuruzika maji. Yule baba Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo mwanangu alisema Kiswahili, pole pole, anakitafuta.

"Nitakuja kumwona. Sitakuambia siku gani."

"Ni vile inafaa," akasema yule baba, akammiminia chai.

Binti yangu akakaa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, na sasa ndipo machozi yalipomtoka, hakuyafuta.

"Usimpe matufaha," akamwambia. "Atakuomba. Atakupiga na pua hapa, mfukoni. Hata akikuomba, usimpe."