Swali Nililolifasiri kwa Uongo

Mgeni alipokuja Mzenga mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtembeza, na tangu siku ya kwanza sikumwamini.

Wakati huo nilikuwa nimeshafanya kazi ya bibi shamba wilayani Kisarawe kwa miaka kumi na miwili. Naishi Misugusugu, upande wa Kibaha, lakini nimezaliwa na kukulia Kurui, na watu wa vijiji vile nawajua kwa sauti zao hata kabla sijaziona sura. Ofisini wakaniita: kuna mama mtaalamu wa umwagiliaji anatoka Israeli, atakaa wiki tatu na kikundi cha akina mama wanaolima mboga Mzenga. Wewe Kiingereza unakijua, na watu unawajua. Utamfasiria.

Nilipomweleza mume wangu, alipunguza sauti ya televisheni.

"Walimu wote waliojaa duniani, Waislamu wa Mzenga wanaletewa wa kutoka Israeli?"

"Anakuja kufundisha kumwagilia mchicha."

"Mchicha!" akasema. "Haya. Wewe mwangalie tu."

Sikubishana naye, maana hata mimi nilikuwa najiuliza hilohilo. Isitoshe, nilishaona wageni wengi. Wapo waliokuja na makaratasi yao, wakapima, wakapiga picha, wakakaribishwa chai, na baadaye ukipita palepale unakuta nguzo za zege na waya, shamba limekuwa la mtu wa mjini. Kwa hiyo kwetu mtu akija kukusaidia, kwanza unamtazama anakanyaga wapi.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, nywele za mvi amezikata karibu na kichwa, viatu vyake vya shambani vimechakaa kuliko vyangu. Gari la kukodi aliliendesha mwenyewe. Kwao usukani uko upande mwingine, basi kila alipotaka kuwasha taa ya kukata kona aliwasha waipa, na tuliingia Mzenga kwa jua kali waipa zikifuta kioo kikavu. Alikuwa amejifunza "shikamoo", akaigawa kwa kila mtu, hadi kwa binti mdogo mwenye mtoto mgongoni, ambaye alikimbilia nyuma ya nyumba akacheke vizuri.

Mwenyekiti wa kikundi hakucheka. Ni bibi aliyezika waume wawili na kulea wajukuu tisa, na ninamwita mama kwa sababu alicheza ngoma siku nilipowekwa ndani kama mwali. Alinivuta pembeni.

"Mwanangu, huyu anakaa mkekani kabla hajakaribishwa, anakula chochote anachopewa, anacheka na kila mtu. Mtu wa namna hiyo ana lake jambo."

"Tutaliona, mama."

Kazi yake aliijua, siwezi kumsingizia. Alipiga magoti kwenye udongo, akatandaza mipira yenye vitundu, akatuonyesha jinsi maji yanavyodondoka kwenye shina tu, na ndoo moja ikafanya kazi ya ndoo nne. Akina mama walimpenda kwa hilo. Ila kila baada ya kazi alitoa daftari jeusi akaandika, na siku moja nilipochungulia niliona kalamu inatoka kulia kwenda kushoto. Kiarabu nilikisoma madrasa. Zile hazikuwa herufi ninazozijua. Nikajiuliza kuna nini kwenye mchicha cha kuandika kurasa tatu kila siku.

Jibu nililipata wiki ya pili, au nilidhani nimelipata. Tulikuwa tumekaa kivulini pembeni ya banda, akina mama kumi na wawili, tunapumzika. Mgeni akanigeukia.

"Waulize. Kwenye dini yenu, mume akikataa kutoa talaka, mke anafanya nini?"

Nikasema moyoni, kumbe ndilo hili. Amekuja kuchota mambo ya ndoa za Kiislamu akayaandike kwao, watu wasome na kutikisa vichwa: waoneni wanawake wale, waoneni walivyofungwa. Na mbele yangu alikaa mwanamke mmoja, muuza vitumbua, ambaye sote tulijua mumewe ameondoka mwaka wa nne sasa, hatumi kitu, harudi, na talaka hatoi. Nilimwona ameinamisha uso kwenye kanga kabla hata sijafungua mdomo, kana kwamba ameelewa Kiingereza.

Nikawaambia akina mama, "Mgeni anauliza, kiangazi kikikaza, mboga gani inavumilia?"

"Bamia!" wakajibu karibu wote. "Bamia, na mgagani."

Nikamgeukia mgeni nikamwambia kwa adabu kabisa kwamba wamesema mambo ya ndani ya nyumba hawayazungumzi mbele ya wageni.

Akafunga daftari na kusema asante.

Jioni tukirudi kuelekea Mlandizi tulivuka vijiji viwili. Halafu, macho yake yakiwa barabarani, akasema:

"Bamia. Hata kwetu tunaita bamia."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile ndani ya gari la mtu. Nilitamani mlango ufunguke wenyewe. Lakini mtu akikamatwa huanza kwa kujitetea, nami nikamjibu kwa ukali: "Na wewe, ndoa zetu zinakuhusu nini?"

Akaegesha gari chini ya nguzo ya umeme, akazima injini, akanieleza.

Aliolewa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Kabla ya hapo alikuwa jeshini, kwao wasichana nao huenda, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanaume kuendesha vifaru. Mumewe alipompata mwanamke mwingine akahama, yeye akaenda kudai talaka. Huko, akasema, ndoa na talaka za Wayahudi ziko mikononi mwa mahakama ya dini. Waamuzi watatu, wote wanaume. Na talaka haitolewi na mwamuzi. Lazima mume aitoe kwa hiari yake, aiweke karatasi mikononi mwa mke. Asipotaka, mwanamke anabaki. Si mke, si mtalaka. Akizaa na mwingine, mtoto atabeba doa, mpaka kuoa au kuolewa kwake kuwe na tabu.

"Nilikaa hivyo miaka kumi na mmoja," akasema. "Nilifundisha wanaume kuendesha vifaru, lakini mlango wa ndoa yangu sikuwa na ufunguo wake. Siku aliyokubali, alitaka kwanza nimwachie sehemu yangu ya nyumba. Nilimwachia."

Sasa, akasema, wako wanawake wanaowasindikiza wenzao kwenye mahakama zile, wanasimama nje na mabango, wanadai sheria ibadilishwe. Yeye ni mmojawapo. Kila anapokwenda ugenini huuliza wenzake wanafanyaje.

Ningependa kusema kwamba nililia, tukashikana mikono. Haikuwa hivyo. Nilimsikiliza, lakini kichwani kulikuwa na sauti inaniambia kwamba hadithi ya huzuni nayo ni chambo. Nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa kooni tangu siku ya kwanza.

"Na wanawake wa Kiarabu wa huko? Mabango yenu yanawahusu?"

"Wao wana mahakama zao za dini na wanapambana nazo. Kuna siku tunakaa pamoja. Si mara nyingi kama inavyotakiwa." Akapangusa vumbi kwenye usukani. "Wapo wenzangu wanaopiga kelele sana juu ya talaka, na juu ya mengine hawasemi."

"Na wewe?"

"Nasema. Si kila mara."

Akawasha gari, na waipa.

Kesho yake niliwakusanya akina mama kabla ya kazi, nikasimama, nikawaambia kweli. Kwamba jana mgeni hakuuliza habari za bamia. Wengine waliguna. Mwenyekiti alinitazama mpaka nikatazama chini.

"Umetufanya watoto," akasema. "Sisi hatujui kukataa swali? Tungekataa wenyewe."

"Nisameheni, mama. Nilimtilia shaka."

"Hata sisi tunamtilia shaka. Lakini hatujakutuma utusemee." Akajiweka sawa mkekani. "Haya, lirudie hilo swali."

Nikalirudia. Kisha muuza vitumbua akafungua mdomo, na nilifasiri neno kwa neno, siongezi, sipunguzi. Alisema alishawaendea wazee wa ukoo wa mumewe mara tatu, wakamwambia avumilie. Mumewe alimtumia ujumbe mmoja tu kwenye simu: sikuachi, na hutaolewa. Mwanamume mwema alimposa mwaka jana akachoka kungoja. Wenzake wakaanza kuchangia. Mmoja akaeleza khului, mke kumrudishia mume mahari ajikomboe. Mwingine akasema mume akigoma, unakwenda baraza la usuluhishi, wakishindwa wanakupa barua, unaipeleka mahakama ya mwanzo.

Mgeni alinyanyua mkono. "Ngoja. Hakimu anaweza kuivunja ndoa hata mume akisema hapana?"

"Anaweza," nikasema. "Ukifika kwake. Wengi hawafiki."

Akaweka kalamu chini. Mwenyekiti akaniuliza kwa nini mgeni amebadilika sura, nikawaeleza yaliyompata, kwa ruhusa yake. Walisikiliza kama watu wanaoambiwa kwamba jua lachomoza magharibi.

"Huko kwenye ndege za vita na madawa ya kila kitu?" bibi akauliza. "Hakimu wao hawezi?"

"Hawezi."

"Pole, mama," akamwambia mgeni moja kwa moja, kwa Kiswahili. Hilo sikulifasiri, aliliona mwenyewe.

Lakini muuza vitumbua hakuwa amemaliza. "Muulize, haya anayoandika, mume wangu hatayaona?"

Nilipofasiri, mgeni alichana kurasa mbili akamkabidhi. Yule dada akazigeuzageuza, juu chini, chini juu. Bibi akazichukua, akazisogeza karibu na macho.

"Na tutajuaje kama ndizo zenyewe?" akasema.

Hata hivyo zilichomwa kwenye jiko la vitumbua.

Wiki ya tatu iliisha, mgeni akaondoka, mipira ikabaki. Mimi nikabaki na lile neno langu, "ukifika kwake, wengi hawafiki". Nililisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Miaka kumi na miwili nimepita Mzenga nikiulizia viwavi na mbolea, na dada huyu nimemnunulia vitumbua asubuhi ngapi, sikuwahi kumuuliza amefika wapi. Nikamfuata, nikamwambia tutakwenda wote.

Mume wangu hakufurahi. "Kumbe alikuja kufundisha hilo," akasema, na siku kadhaa alinitazama kama anayeangalia mzigo umefungwa vipi. Sikumlaumu. Nilijua ladha ya kushuku. Nilimwambia tu saa nitakayorudi, nikarudi saa hiyo.

Ilichukua miezi. Baraza liliita mume mara mbili, hakuja, wakatupa barua. Mahakamani nako akaitwa, hakuja. Siku ya tatu alikuja ndugu yake, akasimama kusema kwamba dada amefundishwa na wageni. Hakimu alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi. Akamuuliza dada, "Nani amekufundisha?"

"Miaka minne mheshimiwa," akajibu. "Hiyo ndiyo imenifundisha."

Ndoa ilivunjwa kabla ya mvua za vuli. Tulitoka nje, akaniomba nimsomee hukumu. Nilipomaliza akaniomba tena, safari hii polepole, pale panapotaja jina lake peke yake. Kisha akaikunja, akaiweka kifuani, akasema twende, kuna mchele ameuloweka tangu alfajiri.

Nilimwandikia mgeni kwenye simu. Alijibu siku ileile, akafurahi, halafu akauliza: hakimu alitumia maneno gani hasa? Naweza kumpigia picha ile hukumu?

Ile shaka ikanirudia. Anayataka ya nini? Atayasoma nani? Mwishowe nikampelekea dada ujumbe ule, nikamsomea ulivyo. Akafikiri.

"Mpigie," akasema. "Ila funika majina kwa kidole."

Nikafunika kwa vidole viwili, nikapiga.