Mgongo wa Spika na Dirisha la Kanana

Justus Muema alikuwa fundi wa masanduku ya spika, na kama umewahi kupita soko letu hapa Garissa ukasikia besi inakugonga kifuani, huenda ilikuwa kazi yake. Alitoka Mwingi akiwa kijana kuja kutengeneza redio, akamkuta Kanana, mwalimu wa chekechea kutoka Meru, akaoa, akakaa. Mimi nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Kelele zake nilizionja kabla ya mteja yeyote, na sikumsamehe hata moja.

Kazi aliyoionea fahari haikuonekana. Ilikuwa mgongo wa sanduku, ule ubao wa nyuma unaofungwa kwa skrubu ili siku spika ikiungua utolewe bila kuvunja kitu. Mgongo ukiacha mwanya, hewa inavuja, besi inageuka mkoromo. Mafundi wengine humwaga gundi wakamaliza, na Justus akiona hivyo alinuna siku nzima. Yeye alikata sponji nyembamba, akaizungushia ukingoni, kisha akakaza skrubu kwa kupishana: hii kidogo, ya mkabala kidogo, kama anayefunga gurudumu la gari. Halafu aliazima chetezo cha uunsi, ubani wa Kisomali wa kufukizia nyumba, kwa Mama Osob muuza maziwa ya ngamia. Muziki ukilia, alipitisha moshi polepole kandokando ya mgongo. Moshi ukitikisika alisema sanduku linapumua, akaanza upya. Kwake yeye kupumua kulikuwa ugonjwa.

Kisha Kanana akaanza kukohoa. Kikohozi kilikaa, kikamkondesha, kikamlaza. Daktari alisema mapafu yamechakaa, kilichobaki ni kumtunza tu, na kwamba vumbi halimfai. Ukimwambia mtu wa Garissa aepuke vumbi wakati wa kiangazi, umemwambia ahame.

Justus hakuhama. Alichukua sponji. Akaziba kingo za mlango, akasindilia vitambaa kwenye mianya ya mabati, na dirishani akafunga ubao kwa skrubu, sponji ukingoni pande zote nne. Nilimuuliza kama anataka kumpika mwenzake. Akanijibu kwa methali aliyoipenda, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia methali ni tamu lakini dirisha si ufa. Akaenda kukata sponji nyingine.

Mama Osob alimletea mgonjwa maziwa kila asubuhi. Siku moja alitoka mle chumbani jasho likimtiririka, akaenda moja kwa moja kibandani kwa fundi.

"Fundi, bibi yako nataka ubebo," alimwambia. "Fumbi ni ya Mungu."

Wateja wakacheka upepo wake uliogeuka ubebo. Justus hakucheka. Alimjibu kwamba dirisha lile amelipima kwa moshi kutoka nje, na moshi haukutikisika hata kidogo. Niliumia kumsikia, kwa sababu alilisema kwa fahari. Niliona na jambo jingine. Tangu mkewe alale kitandani, mtu huyu hakuwahi kuketi. Asubuhi alibadilisha sponji, mchana alikagua mlango, jioni alikaza skrubu. Alimzunguka Kanana kutwa na hakumkaribia. Aliogopa kumwona anavyokwisha.

Alasiri moja nilikuwa nimemshikia Kanana kikombe cha maziwa, naye Justus yuko nje anagongagonga fremu. Kanana akaniomba nimwite. Akaja, akaishia mlangoni, bisibisi mkononi.

"Justus," Kanana alisema, akilitafutia pumzi kila neno, "mimi si sanduku. Toa huo mgongo."

Nilidhani atabisha. Akageuka akatoka, tukamsikia anafungua skrubu moja moja, kwa kupishana vilevile. Mkono wake haukujua njia nyingine. Ubao ukatoka. Upepo ukaingia na harufu ya mbuzi, na sauti za watoto wa dugsi wakikariri Kurani, na vumbi lake, bila shaka. Kanana akakohoa mpaka nikaogopa. Justus alisimama nje ya dirisha akimtazama, uso umemshuka.

"Vumbi limeingia?" aliuliza.

"Limeingia," Kanana alisema. "Ingia na wewe."

Akaweka bisibisi chini, akazunguka nyumba, akaingia. Mimi nikachukua kikombe nikatoka.

Kanana alifariki wiki ileile, Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri, mumewe ameketi kando ya kitanda. Tulipotoka makaburini Justus aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba hakuwa anajua mkono wa mkewe umekuwa mwepesi kiasi kile.