Duara Jekundu Mlangoni kwa Mukecuru

Nikiri mwenyewe, maana kambi nzima hapa Ngara imeshajua.

Mvua zilipokaribia, nilipewa kazi ya kukagua vibanda vya wakimbizi. Niliazimia kwamba hakuna kibanda kinachovuja kitakachosahaulika. Kila kibanda kilikuwa na namba, lakini namba haisemi kama paa linavuja. Basi nikaongeza alama yangu: duara jekundu la rangi kwenye jiwe la mlangoni.

Msimamizi wangu, Mama Generoza, alinionya. "Kila kikosi kina alama zake. Tanguliza herufi yetu, M ya makazi, zisije zikagongana."

Nikaona herufi inamaliza rangi bure. Nikachora maduara matupu, nikamwahidi Mukecuru Anisia, yaani Bibi Anisia kwa lugha yao, mjane anayelea wajukuu, kwamba turubai jipya litafika kesho yake asubuhi.

Asubuhi nikaenda kwa mbwembwe kushuhudia furaha yake. Nikawakuta vijana wa kikosi cha vyoo wamezama shimoni hadi kiunoni, hapo hapo mlangoni pake.

"Mnafanya nini?" nikafoka.

"Duara jekundu ni choo, bwana," akajibu kiongozi wao, Msukuma wa kijiji cha Kaniha. "Hata sisi tumeshangaa. Mlangoni kwa mchungaji wa kanisa tumeshamaliza."

Mukecuru alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo, mawingu yametanda juu yake.

"Shikamoo, mukecuru," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Akatazama vidole vyangu vyekundu, na wachimbaji nao wakavitazama. "Mwanangu, mimi niliomba kufunikwa juu. Mbona umeanzia chini?"